Sista, tubebe nini tukipanda Sipi kwa baiskeli?

Swali: Sista, habari za kazi. Sisi ni vijana watano wa hapa Mbale. Jumapili tunapanda Sipi, kwenye mlima Elgon, kwa baiskeli za milimani, tunashuka kwa vijia vya mashambani, na mara moja moja tunaenda msitu wa Mabira. Mwezi uliopita mwenzetu alianguka kwenye mteremko, goti na kiwiko vikachunika vibaya. Mfukoni tulikuwa na plasta ndogo na chupa ya spiriti. Tulimmwagia ile spiriti, akapiga kelele hadi watoto wa kijiji wakakimbia, na bado kidonda kikaja kutunga usaha. Sasa tunachanga tununue kile kisanduku chekundu cha huduma ya kwanza kinachouzwa madukani. Kitatosha? Na nani akibebe?

Jibu: Ndugu yangu, salama. Mpe pole mwenzako, na kama goti bado linatoa usaha aende akalionyeshe wiki hii hii, asingoje likauke lenyewe.

Kisanduku chekundu msinunue. Nimefungua vingi vya aina hiyo, na karibu vyote vimepangwa kwa ajili ya mtu wa ofisini aliyejikata na karatasi: plasta za kidole rundo zima, vipande vya gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia vidonda) visivyofunika hata nusu ya goti, mkasi usiokata kitambaa. Halafu boksi lenyewe ni gumu na lina kona. Ukiliangukia kwa mgongo linakuwa jeraha la pili. Pesa mliyochanga ipelekeni famasi, mnunue vitu vichache kimoja kimoja, mvitie kwenye mfuko laini usioingiza maji. Nitavitaja. Lakini kabla ya kuhesabu bandeji, hesabuni saa.

Nina maana hii. Chukueni njia yenu ya Jumapili, muikate vipande, na kwa kila kipande mjiulize: mtu akivunjika paja hapa, itachukua muda gani mpaka alale mbele ya daktari mwenye chumba cha upasuaji? Ukiwa kwenye lami ya Mbale na Kapchorwa gari linapatikana, na una hospitali pande zote mbili, ya Kapchorwa juu na ya rufaa ya Mbale chini. Ukiwa katikati ya migomba na mibuni, kwenye kijia ambacho hata mtu wa bodaboda hakigusi mvua ikinyesha, saa nzima inaweza kwisha kabla hamjaiona lami. Vituo vya afya navyo havilingani. Cha daraja la pili ni cha muuguzi na dawa za kawaida, na Jumapili huenda mkakuta kufuli. Cha tatu kina wodi ya wazazi na maabara ndogo. Upasuaji unaanzia daraja la nne. Mtu anayevuja damu tumboni ukimkimbiza kwenye kituo cha jirani kwa sababu tu kiko jirani, umempotezea muda ambao hana. Mfuko wenu kazi yake ni kujaza lile pengo la saa moja au mbili kati ya kuanguka na kufika. Kwa hiyo vinavyotangulia kuingia ni vile ambavyo bila hivyo mtu hafiki.

Cha kwanza ni cha kuzuia damu. Baiskeli inakata kuliko watu wanavyodhani: diski ya breki, meno ya gia, ncha ya usukani iliyopoteza kizibo chake, na huko kwenu kuna visiki vya mibuni vilivyokatwa kwa panga vikaachwa na ncha. (Vizibo vya usukani vikaguliwe kila safari. Usukani usio na kizibo ukimwingia mtu pajani unachimba shimo la duara, na shimo hilo nimeliosha kazini, si hadithi.) Damu inayoruka au kutiririka bila kukoma haitaki dawa, inataka uzito. Weka gozi, au fulana safi kama gozi haipo, moja kwa moja pale panapovuja. Bonyeza kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako, dakika kumi kwa kuangalia saa, bila kufunua. Kuchungulia ndiko kunakoharibu, maana damu iliyoanza kuganda inang'oka na mnaanza upya. Kidonda kikiwa na shimo, kwa mfano pajani, shindilia gozi ndani ya shimo mpaka lisipokee tena, ndipo ubonyeze juu yake. Kifuani na tumboni hatushindilii kitu.

Kwa kazi hiyo nunueni gozi za kuviringisha nne na bandeji za krepu, zile zinazovutika, mbili pana, ya sentimita 10 na ya 15. Ongezeni pedi za kike tatu nne. Najua mtaona haya kuziomba famasi. Mtumeni dada yenu. Ni safi, zimefungwa moja moja, ni bapa, zinafunika goti zima. Ila pedi inanyonya tu, haizuii damu, kwa hiyo mkono bado unahitajika juu yake.

Kisha turniketi, yaani mkanda mpana wa kukaza wenye kijiti cha kuzungusha. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mkipata ya kweli, nunueni moja, lakini angalieni sana: za bandia ni nyingi na kijiti chake cha plastiki kinavunjika mkikaza kwa nguvu. Iliyo nzuri inafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, upande wa kuelekea moyoni, kamwe si juu ya goti wala kiwiko. Inazungushwa mpaka damu ikome, na mgonjwa atalia, maana inauma vibaya, akilia msilegeze. Andikeni saa mliyoifunga, kwa kalamu, hata kwenye paji la uso. Ikishafungwa haifunguliwi njiani, wa kuifungua ni watu wa hospitali. Ni kwa mkono au mguu unaomwaga damu ambayo mikono miwili imeshindwa kuizuia, basi. Kuna wanaosema tyubu ya baiskeli inatosha badala yake. Tyubu inavutika na kuwa nyembamba. Mara nyingi inabana mishipa inayorudisha damu na kuiacha wazi ile inayoileta, na kidonda kinazidi kuvuja. Tyubu ni nzuri kwa kufungia gango, yaani kitu kigumu cha kushikiza mfupa uliovunjika. Kama turniketi hamna, wekeni imani yenu kwenye mikono na gozi.

Kabla mkono haujagusa damu, glavu. Jozi nne au tano, za mpira wa bluu usiochanika ovyo, ziwe juu kabisa ya kila kitu kwenye mfuko, kwa sababu mkianza kuzitafuta chini ya bandeji mtaziacha. Si VVU na homa ya ini B peke yake. Ninyi mnaendesha Elgon, na mwaka 2017 ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, ulizuka wilaya ya Kween, hapo jirani na Kapchorwa. Ebola nayo ilitokea Kampala mapema mwaka 2025. Damu ya mtu mwingine ikiingia kwenye mchubuko wako au jichoni, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulize dawa za kinga ya VVU. Zinatolewa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Na kwa kuwa nimegusa Marburg: mvua ikiwakuta huko juu, pango lenye popo si kibanda cha kujikinga. Virusi hivyo hukaa ndani ya popo wa mapangoni. Loweni.

Sasa goti la mwenzako, maana hilo ndilo mtakalokutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote.

Udongo mwekundu wa barabara zetu una mchanga mkali na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mtu akiteleza juu yake, ngozi ya juu inaondoka na uchafu unabaki umepigiliwa ndani. Spiriti haiondoi changarawe, inachoma tu nyama iliyo hai na kuwapa imani ya uongo kwamba kazi imeisha. Kinachosafisha kidonda ni maji, tena mengi, yanayokuja kwa nguvu kidogo. Maji unayoweza kuyanywa yanafaa kuoshea kidonda. Hayahitaji kuwa ya hospitali. Toboa kizibo cha chupa ya maji kwa pini, kamua, mkondo mwembamba uupige uchafu kwa mshazari. Bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake linafanya hivyo vizuri zaidi, na ni jepesi. Tumieni nusu lita hadi lita nzima kwa goti kama lile, ndiyo sababu nasema kila mtu abebe maji zaidi ya yale ya kunywa.

Maji yakishapita, inama uangalie kwa karibu. Vidoa vyeusi vilivyobaki ni mawe. Kwa kibano chenye ncha ving'oe kimoja kimoja. Vile vya juu juu vifute kwa gozi iliyolowa, kutoka katikati kwenda nje, ukibadilisha upande wa gozi kila mara. Mgonjwa akae, asisimame, wapo wanaozirai wakiliona goti lao wenyewe. Mawe yakibaki ndani yatawapa usaha, au yatabaki chini ya ngozi kama doa jeusi la maisha. Msipoyamaliza yote si aibu, funikeni mwende kituo cha afya wamalizie kwa ganzi. Baada ya hapo paka vaselini safi nyembamba au weka gozi yenye vaselini, juu yake pedi au gozi kavu, kisha krepu. Pamba msiweke juu ya kidonda kibichi. Nyuzi zake zinaganda na damu, na kuibandua kesho yake ni mateso. Ile desturi ya kupasua kapsuli ya dawa na kunyunyizia unga wake kidondani iacheni kabisa. Unga unatengeneza gamba, na usaha unakaa chini yake kwa raha. Dawa ya kidonda mnayoweza kubeba ni povidoni ayodini, kichupa kidogo, ya kupaka pembeni baada ya maji kufanya kazi yake. Haichukui nafasi ya maji.

Kidonda chenye midomo iliyoachana, kinachoonyesha mafuta ya njano au kilicho juu ya kiungo, msikibane kwa plasta kikafunga na uchafu ndani. Osheni, funikeni kilivyo, mpelekeni akashonwe siku hiyo hiyo.

Mmoja wenu ataniuliza pepopunda. Ulizaneni wote watano lini mlichomwa sindano ya mwisho. Nasema hivi kwa sababu akina mama wanapewa chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito, lakini wanaume wazima wengi walichanjwa utotoni tu, kisha basi. Kama miaka 10 imepita, ongezeni kabla ya safari ijayo. Kwa kidonda chenye udongo na mavi tunahesabu miaka 5, si 10. Hakuna bandeji yoyote kwenye mfuko inayofanya kazi ya sindano hiyo.

Tukipanda kutoka kwenye goti, kuna viungo viwili ambavyo havitoi damu nje na ndivyo vinavyoua waendesha baiskeli: kichwa na tumbo.

Aliyeanguka na kichwa akazirai hata kwa sekunde chache, au anauliza swali lile lile mara tatu, au anatapika, au kichwa kinazidi kumuuma badala ya kupoa, au anasinzia, au maji maji yanatoka sikioni au puani, huyo safari imekwisha. Haendeshi tena baiskeli, hata akisema yuko sawa. Atasema yuko sawa, wote husema hivyo. Aende hospitali, na asilale peke yake usiku huo. Maumivu apewe panadol tu. Brufen, diklofenaki na aspirini msimpe, maana zinaweza kuongeza kuvuja damu. Helmeti iliyopigwa vile imekwisha kazi yake hata kama haina ufa, msimuuzie mtu.

Akiwa hajitambui lakini anapumua, mgeuzeni alale ubavu ili matapishi yatoke, wawili mkimgeuza na wa tatu akishika kichwa kiende pamoja na mwili. Shingo ikiwa na mashaka hatumketishi kumnywesha maji. Helmeti ibaki kichwani isipokuwa inazuia pumzi.

Tumbo watu hulisahau. Usukani ukigeuka wakati wa kuanguka, ncha yake inaingia chini ya mbavu. Nje unaona alama ndogo ya duara, pengine huoni kitu. Ndani, upande wa kushoto, kuna wengu, na hapa kwetu kuna sababu ya kuuogopa zaidi kuliko wanavyouogopa wenzetu wa Ulaya: aliyeugua malaria mara nyingi anaweza kuwa na wengu uliovimba, na wengu uliovimba hupasuka kwa pigo dogo. Kichocho cha wanaokaa karibu na maziwa nacho huuvimbisha. Mtu aliyepigwa na usukani tumboni akianza kuumwa bega la kushoto ambalo halikugusa chini, au anatoka jasho baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, anaona kizunguzungu akisimama, hapo hamna cha kumfanyia kutoka kwenye mfuko. Alale, afunikwe, asile wala asinywe, na atafutiwe gari la kumpeleka hospitali yenye upasuaji. Hii ndiyo ile hesabu ya saa niliyoanza nayo.

Mifupa ni rahisi zaidi. Unaovunjika sana kwa waendesha baiskeli ni mtulinga, kwa sababu mtu anayeruka mbele ananyoosha mkono au anatua na bega. Utamwona ameshika mkono wake mwenyewe umekaa kifuani, kichwa kimeinamia upande huo. Tayari amejifunga namna inayotakiwa, ninyi msaidieni kwa kitambaa. Bandeji ya pembetatu inauzwa, lakini mimi ningebeba kitenge: kinatosha kuwa tanzi la mkono, kikikunjwa ni bandeji, kikiwa kikubwa ni shuka la kumfunika. Mkono au mguu uliovunjika ufungeni kwenye kitu kigumu, kama pampu ya baiskeli, fito, au gazeti nene lililoviringishwa, gango livuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Kabla na baada ya kufunga, gusa vidole: viwe na joto, visikie mguso. Vikipoa au vikifa ganzi, umebana mno. Pete na saa zitolewe mapema kabla ya uvimbe. Msijaribu kuvuta mfupa urudi mahali pake; hilo waachieni wenye picha ya eksirei.

Ya haraka haraka sasa. Nyoka: msifunge kamba, msichanje, msinyonye, na lile jiwe jeusi linalosemwa linanyonya sumu lirudisheni kwa mwenyewe. Mgonjwa atulie, kiungo kisitikisike, hospitali. Kifutu hulala njiani jua likizama, na baiskeli hushuka kimya. Swila akikutemea jichoni, osha kwa maji tele. Nyuki: kimbieni kwanza, mbali, kisha mng'oe miiba upesi kwa kucha, njia yoyote. Bebeni vidonge vya mzio, setirizini au piriton, ila mjue vidonge hivyo ni vya kuwashwa na vipele. Anayevimba midomo, anayekoroma kifuani au kuzirai baada ya nyuki anahitaji adrenalini, na kidonge hakitamfaa. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo azungumze na daktari wake kabla hajatia mguu kwenye pedali. Diski ya breki iliyochemka ikikuunguza: maji yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya mswaki wala yai. Jino likitoka, lishike upande wa kutafunia, lioshe kidogo, lirudishe kwenye tundu lake, mtafute daktari wa meno ndani ya saa moja.

Mbwa nitamwongelea kidogo zaidi. Hakuna kitu mbwa wa kijijini anachokipenda kama kifundo cha mguu kinachozunguka. Aking'ata, hata mkwaruzo tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Kwa hiyo kipande kidogo cha sabuni kiingie kwenye mfuko, ndicho kitu rahisi kuliko vyote humo na kinaweza kuokoa maisha. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, na mpige simu kwanza kuuliza kituo gani kinayo, msije mkazunguka. Ugonjwa wenyewe ukishaanza kujitokeza hauna tiba.

Kinywaji: pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kila moja kwa lita moja ya maji, si nusu lita. Zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, vijiko sawasawa visivyorundikwa. Mbale iko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, Sipi karibu mita 1,800. Mnapanda mkitoka jasho, halafu mvua ya mchana inawakuta juu mkiwa mmelowa, na aliyejeruhiwa akilala chini anapoteza joto upesi kuliko mnavyodhani hapa kwenye ikweta. Blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa, linakunjwa likaingia mfuko wa shati. Ongezeni utepe mpana wa fundi, viringisheni mita mbili kwenye pampu badala ya kubeba rola zima. Pini tatu, mkasi unaokata kweli, filimbi, na tochi, kwa sababu saa moja jioni giza linaingia mwaka mzima na uokoaji hauishi kwa ratiba yenu. Dawa: panadol, setirizini, ORS. Hizo zinatosha. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, mwenye kisukari sukari yake.

Kumtoa mtu porini ndiko kunakoshinda wengi. Najua mtaita bodaboda. Kwa mkono uliovunjika, sawa. Lakini aliyeumia shingo, mgongo au paja kumbana katikati ya dereva na mshikaji, kwa mtindo wa mshikaki, ni kumalizia kile ambacho jiwe lilianza. Tafuteni pikapu, mlango wa mbao, kitanda. Kule Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanakijiji wana engozi, machela ya kusuka wanayombebea mgonjwa mabegani kwa zamu mpaka barabarani. Mkienda huko kwenye ziwa Bunyonyi siku moja mtaiona. Hapa kwenu, nguzo mbili ndefu na shuka nene au magunia mawili yaliyotobolewa kona hufanya kazi hiyo, mkipata watu sita. Watu sita mtawapata kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa hiyo namba za wenyeviti hao kwa vijiji mnavyopitia kila Jumapili ziwe kwenye simu zenu, pamoja na 999 na 112 za polisi. Wasalimieni mkipita siku za kawaida, nunueni ndizi, msiwe wale wageni wanaopita na vumbi. Mkienda Mabira hesabu inabadilika: lami ya Kampala na Jinja inapita humo humo msituni, hospitali ya Kawolo iko Lugazi upande wa Kampala na ya rufaa iko Jinja. Lakini ndani ya miti mtandao unaweza kukatika, basi mtu wa nyumbani ajue mmeingilia wapi na mnatoka saa ngapi.

Kabla ya yote hayo, wawili kati yenu waende mafunzo ya Msalaba Mwekundu wa Uganda. Kubonyeza kidonda na kumgeuza mtu ubavu ni kazi za mikono, hazijifunzwi kwa kusoma barua yangu.

Na swali lako la mwisho. Mfuko mkubwa anaubeba wa nyuma kabisa, siyo aliye hodari wa mbele. Anayeanguka siku zote yuko mbele ya yule wa mwisho, kwa hiyo mfuko utamfikia kwa kushuka. Ukiwa kwa kiongozi, itabidi apande mlima kurudi nao. Huyo wa nyuma awe mmoja wa wale wawili waliofunzwa, na asipitwe na mtu. Wengine wanne kila mmoja awe na jozi ya glavu na krepu moja chini ya kiti, endapo atakayeanguka ni mbeba mfuko. Ndani ya helmeti bandikeni karatasi iliyofunikwa utepe: jina, simu ya nyumbani, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru, na kama una kisukari au kifafa. Kundi la damu msihangaike kuliandika, hospitali italipima upya vyovyote vile.